Jiwe la Tobago Mlangoni

Ule mwaka mafuta ya kupikia yalipoadimika madukani, mtaa wetu mzima wa Lozells, hapa Birmingham, tukala samaki wa kuchemsha mpaka wajukuu wakanuna, ndipo mama mmoja tuliyemwita Mwalimu alipohamia nyumba inayopakana na yangu. Juzi tumemzika. Wasomaji wangu mnanijua, shule niliiacha mapema na sina maneno ya kupambapamba: sikwenda kumwona hospitalini, na sababu yenyewe ni jiwe.

Lilikaa kwenye ngazi ya mlango wake, jeusi, bapa, zito kama mtoto aliyeshiba. Mimi mtu wa Bukavu nikiloweka muhogo kwenye ndoo lazima niukandamize kwa jiwe, na bustani za hapa zina kokoto tu. Nikamwendea na mjukuu wangu wa kike wa kunitafsiria. "Mwalimu, niazime hilo." Akalikumbatia. "Hapana, mama. Limesafiri vya kutosha." Nikamuuliza, "Kwani jiwe lina miguu?" Yeye, aliyefundisha jiografia maisha yake yote, akanieleza pale pale mlangoni: ni la kwao Tobago, la ile miamba ya chini kabisa inayokibeba kisiwa, na umri wake unapita miaka milioni mia moja. Wala halikuzaliwa pale kisiwa kilipo leo. Lilizaliwa na volkano za baharini, mbali magharibi, upande wa Pasifiki, likasukumwa kidogo kidogo mpaka Karibi. Kisha yeye akalitia sandukuni akaja nalo Birmingham. Nikamgeukia mjukuu: "Mwambie uchoyo wake una maelezo marefu." Mtoto akakataa kutafsiri. Mwalimu aliusoma uso wangu.

Tangu hapo nikawa napita bila salamu. Alipougua, wanawake wa kanisani walimpelekea supu. Mimi, jirani wa ukuta mmoja, nikasema nina kazi. Kazi gani? Muhogo! Hapa kila siku tunaulizwa sisi ni wa wapi hasa, kana kwamba wako watu walioota papo hapo kama uyoga. Kumbe hata kisiwa kizima kilitoka kwingine. Yule mama alikuwa ananikaribisha, mimi nikasikia ananinyima. Mtu akikueleza anachokipenda, kaa usikilize.

Jana mwanawe alikuwa anatoa vitu vya kutupa, jiwe mkononi. Nikamwashiria kwa mkono, "Lete huku." Nikaliweka kwenye ngazi yangu. Mjukuu akachungulia. "Bibi, sasa si umepata la kukandamizia muhogo?"

"Hapana, mama. Limesafiri vya kutosha."