Majani ya Mama na Asali ya Kalama

Dawa ya majani Mama aliinunua sokoni Tala, kwa mtu mwenye meza na spika. Maji ya kijani kwenye chupa ya plastiki. Yule mtu alisema yanayeyusha mafuta mwilini na kushusha sukari, na Mama, mnene tangu nimjue na mgonjwa wa sukari kwa miaka, aliamini kila neno. Kwa kununua simlaumu. Mtu akichoka na hospitali amechoka.

Isitoshe, kwetu Kalama unene haujawahi kuitwa ugonjwa. Mama alisifiwa mwili wake kanisani na harusini. Ukikonda ndio watu wanauliza nyumbani kuna shida gani. Halafu daktari anakuambia upunguze. Utapunguzaje kitu ulichosifiwa maisha yako yote?

Shida ni kwamba dawa ilikuwa chungu vibaya sana. Basi akachota asali ya mizinga ya mjomba wangu, akakoroga.

“Mwaitu, mama yangu, si hiyo pia ni sukari?” nikamuuliza.

“Sukari ni ile ya dukani,” akasema bila hata kuniangalia. “Hii ni ya nyuki. Asali ni dawa.”

Tulibishana mpaka nikapaza sauti. Nikamleta nesi wa zahanati amweleze, wapi. Vidonge alikuwa ameshaviacha, eti dawa mbili zitapigana tumboni.

Kidonda kikatokea kwenye kidole cha mguu wa kushoto. Kikaoza. Hospitalini wakaukata mguu chini ya goti, na daktari akaniambia nje ya wodi kwamba sukari isiposhuka, wa kulia utafuata. Nililia pale koridoni watu wakipita, na sikujali.

Aliporudi nyumbani majirani walianza kuja, na kwetu huendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Nikawazungukia mapema, nyumba kwa nyumba: jamani, naomba, msimletee sukari. Ni watu wazuri, walinisikia. Hakuna hata mmoja aliyeleta sukari. Walileta asali, kila mmoja na chupa yake, wakaipanga mezani kando ya ile ya majani.

Sikuwa na nguvu ya kugombana tena. Mama akawashukuru, akaupandisha mguu wa kulia kwenye stuli, akaniambia nimletee kijiko.