Mto Mwekundu wa Mama Kufuli

Shangazi yangu alifanya kazi masjala ya hospitali miaka thelathini na moja, na watu walimwita Mama Kufuli. Ukimwuliza fulani kalazwa kwa nini, alikujibu, "Kwa sababu kitanda kilikuwa wazi." Mumewe mwenyewe alipolazwa, mama mkwe akapiga simu kuulizia, naye akamwambia, "Mwulize mwanao akitoka." Sasa amestaafu, na ameniruhusu kuandika haya kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala la mji.

Kitu kimoja tu hatukukielewa: mto. Kila asubuhi alikwenda kazini na mto mwekundu kwapani, akauweka kitini ndipo akae. Wenzake sita wa masjala walisema ni maringo. Sisi nyumbani tuliafikiana nao.

Siku moja watafiti wa chuo kikuu waliomba orodha ya wagonjwa wa miaka mitano, wapate kujua kazi gani inaleta maradhi gani. Jambo jema, na mganga mkuu akakubali. Alikuwa mtu mwema, ila mzaha haukumtoka mdomoni. Kikao chake kimoja kilitosha kukupa jina la utani la maisha. Ndiye aliyembandika shangazi hilo la Kufuli. Akaagiza majina na namba za simu zifutwe, shangazi akafuta. Gari la watafiti lilipofika, mganga mkuu akaja mwenyewe kuichukua orodha.

"Bado, mkuu," shangazi akasema.

"Bado nini tena? Majina si yametoka?"

"Majina yametoka. Watu wamebaki."

Mganga mkuu akacheka. Akasema Mama Kufuli sasa anafunga hata mahali pasipo na mlango. Hakuna atakayemtambua mtu humo, na wageni wasiachwe juani.

Shangazi angeweza kunyamaza. Siri yake ingejificha katikati ya watu elfu nne, na huenda isingeonekana kamwe. Lakini wale elfu nne wangekwenda wazi vilevile. Ili amwonyeshe mkuu kosa ilibidi amtoe mgonjwa mmoja, na mgonjwa pekee aliyekuwa na haki ya kumtoa ni yeye mwenyewe.

"Mimi nimo humo," akasema. "Nitafute."

Haikuchukua muda zaidi ya ule wa kuvaa miwani. Mwanamke, miaka hamsini na tatu, karani wa masjala, na mtaa wake. Kidole kikateleza hadi mwisho wa mstari: bawasiri, mwaka wa tisa wa matibabu. Mganga mkuu akautazama mto, kisha akamtazama shangazi, na mzaha ukamkauka.

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Lakini mji huu una fundi saa mmoja tu, mkuu. Nikwambie yuko mstari wa ngapi?"

"Usiniambie!"

Watafiti wakanyweshwa chai, wakarudi mikono mitupu. Kwa siku tatu shangazi akaipanga orodha upya: umri ukawa wa miaka kumi kumi, mtaa ukawa upande wa mji, fundi saa akaingizwa kundi moja na mafundi wengine wote. Mganga mkuu akapewa ajaribu tena. Alimsaka shangazi nusu saa nzima, akapata wanawake kumi na saba, akasalimu amri.

Orodha ikaenda. Shangazi akabaki roho juu, akingoja kikao cha Jumatatu na utani wake. Kikao kikaja; mganga mkuu akazungumzia mabomba ya maji, akafunga.

Jumatano masjala ikaletewa mzigo kutoka stoo. Mito saba myekundu, mmoja kwa kila kiti.

"Kulikoni?" wenzake wakauliza.

"Agizo la mkuu," mtu wa stoo akajibu, akaenda zake.

Shangazi alifurahi mpaka akaenda kulia chooni. Aliporudi aliwakuta wote wamekwisha kukaa, na mmoja analalamika kwamba sasa watu watasema masjala nzima ina maringo.