Sarafu za Kwenye Pindo

Mgeni alikuwa hata viatu hajavua. Alikuwa ametoka safari ya siku mbili, mji haujui, na sasa alikaa ukingoni mwa kitanda cha chumba namba saba cha nyumba ya wageni akijiuliza aanze kuoga au kulala. Hodi ikapigwa. Nje alisimama mama wa makamo, goti moja limefungwa bandeji, mkasi mkononi.

"Usiogope, baba," akasema. "Nimefuata pazia."

Mtaani walimwita Fundi Pindo, maana pazia aliloshona yeye liliteremka mpaka sakafuni bila kupinda hata unywele. Ufundi aliurithi kwa mama yake, aliyemlea chini ya meza ya kukatia vitambaa na kumfundisha kuokota pini kabla hajajua kuhesabu. Sasa alikuwa na miaka hamsini na tisa, cherehani yake ya kukanyaga, na goti la kulia lililogoma. Daktari alimwambia achague moja, goti au kanyagio. Yeye akachagua la tatu, cherehani ya umeme, ila bei yake ilikuwa ikimtazama kutoka dirishani mwa duka kama mkwe mwenye majivuno.

Alichokuwa nacho ni kopo la vifungo aliloachiwa na mama yake. Ndani yake mlikuwa na sarafu saba za fedha za zamani, nyeusi kama masizi. Marehemu alizipata mojamoja kwa wateja, na kila alipoongeza nyingine alisema neno lilelile: akiba haiozi. Basi Fundi Pindo aliposikia kwamba mnunuzi wa sarafu kuukuu amekodi meza sokoni, na kwamba ataondoka na basi la saa kumi jioni kesho yake, hakutaka kwenda mbele za watu na mali chafu. Mchana kutwa alizisugua kwa majivu na limau, mpaka ukaweza kujitazama ndani yake na kufunga kilemba.

Asubuhi mnunuzi alizitazama kwa kioo cha kukuzia, akakiweka mezani taratibu, kama daktari anayetafuta maneno.

"Mama, nani amezifanya hivi?"

"Mimi mwenyewe," akajibu kwa fahari.

Mnunuzi akamweleza, bila kumcheka, kwamba ule weusi ndio umri wa sarafu. Wakusanyaji wanataka uso ulivyotoka kiwandani na rangi iliyojikalia yenyewe miaka na miaka. Ukisugua umevifuta vyote, kinachobaki ni uzito wa fedha, na kwa uzito hata sonara wa pale kona atamlipa. Zingekuwa hazijaguswa, angetoa mara kumi. Nne tu za namna hiyo zingetosha cherehani. Fundi Pindo akamtajia lile neno la mama yake.

"Kweli haiozi," mnunuzi akasema. "Lakini husuguliwa ikaisha."

Mwingine angekwenda nyumbani kulia. Yeye alibaki kwenye kiti cha mteja, watu wakimpita, na hakuinuka mpaka alipokumbuka. Mama yake hakuvumilia pazia linalopepea. La chumbani mwake alilitia uzito kwenye pindo, na uzito wenyewe ulikuwa sarafu. Pazia hilo kaka yake aliliuza baada ya msiba, pamoja na kitanda, kwa mwenye nyumba ya wageni.

Kuiba hakutaka. Alimweleza mwenye nyumba kila kitu, hata hiyo mara kumi. Mwenye nyumba, mwanamke asiyetoa njiti ya kiberiti bure, alicheka, akasema yeye alinunua pazia, ya tumboni mwake hayajui. Achukue, lakini amshonee mapya ya vyumba sita, na hili lisiachwe limepinda. Akauliza na goti je?

"Goti ni langu, dada. Wewe nionyeshe chumba tu."

Ndivyo alivyofika namba saba. Aliketi sakafuni, mguu mbovu ameunyoosha, akaanza kufumua. Mishono ya mama yake aliijua kama mtu anavyoujua mwandiko wa nyumbani. Kila sarafu ilikuwa ndani ya kifuko cha kitambaa kilichopakwa nta, isichafue pazia. Kifuko cha kwanza nta ilikuwa imepasuka kwa kufuliwa, na sarafu imekwaruzika upande mzima. Akaiweka kando. Akafumua cha pili. Hiyo ilikuwa nyeusi, na ukingoni ilikuwa na rangi ya shingo ya njiwa. Ya tatu vilevile. Zilipofika sita, nzima zilikuwa tano.

Mgeni, aliyejua kusoma lugha kadhaa, aliinama akamsomea jina la mfalme na mwaka. Kisha akanyoosha kidole.

"Mkono chini, baba. Jasho lako hilo ni robo ya cherehani yangu."

Mgeni akaomba auziwe moja, kwa bei ileile ya mnunuzi, iwe ukumbusho.

"Nikikuuzia, utaipangusa kwenye shati kabla sijamaliza ngazi," akasema. "Nawajua watu wa namna hiyo. Mimi ni mmoja wao."

Ilikuwa saa tisa kasoro robo. Mgeni akamshauri akimbie sokoni kwanza, pazia litasubiri. Fundi Pindo hakukimbia. Alitoa mfukoni vyuma bapa sita alivyonunua kwa fundi wa baiskeli, akavitia mahali pa sarafu, akashona pindo upya. Aliposimama alilitazama, akaona limevuta kidogo kushoto, akaketi tena, akafumua mishono minne na kuirudia. Ndipo akazifunga zile tano kila moja na kitambaa chake, akamwambia mgeni alale salama, na kuteremka ngazi, mguu mzima mbele, ule mwingine ukifuata.

Mgeni alifungua dirisha. Chini, Fundi Pindo alikuwa akivuka barabara kuelekea sokoni, kifurushi amekishika mbali na mwili kama aliyebeba mayai, na magari yakimngoja. Upepo uliingia ukapeperusha tiketi kutoka mezani. Pazia halikutikisika.