Pedi Zisizolia

Tangu apate ajali, mke wangu alikuwa hakai garini kwenye mteremko. Tukifika juu ya kilima chochote kati ya Kasulo na Murusagamba ananigusa bega, nasimama, anashuka na kuteremka kwa miguu. Mimi natangulia na gari, namsubiri bondeni. Vilima vya Ngara havina mwisho, kwa hiyo safari ya kumwona mama yake ilikula siku nzima, na watu wa njiani walishatuzoea.

"Mzee!" mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia maharage alinipigia kelele. "Huyo umemwoa, au umemwajiri alisindikize gari?"

Mke wangu alicheka naye. Mimi nilishindwa.

Gari la ajali halikuwa letu, lilikuwa la kukodi. Mafuta ya breki yalivuja, dereva akakanyaga hewa, gari likaacha njia likaingia kwenye migomba ya watu. Hakufa mtu. Mke wangu alivunjika mkono, na mkono ukaunga. Hofu ndiyo haikuunga.

Tungeishi hivyo miaka, lakini mama yake alianza kuishiwa nguvu za miguu, halafu kifua kikambana. Ilibidi apelekwe hospitali. Nami kwa mila zetu siwezi kumshika mama mkwe wangu. Nitamsalimia kwa heshima nikiwa mlangoni, basi. Kumbeba, kumlaza, kumfunika, ni kazi ya binti yake. Binti mwenyewe ni mmoja, na haketi garini kwenye mteremko. Mgonjwa naye hawezi kushushwa kila kilima.

Nikaona niitafutie hofu hiyo dawa dukani. Gari letu ni dogo, la kawaida, na breki ya mbele ilikuwa inalia. Siku za karibuni mke wangu alikuwa ameanza kujikaza na kubaki ndani kwenye vilima vifupi, ameshika mlango kwa mikono miwili. Nikajiambia, kama anajikaza na kelele hii, ikinyamaza je?

Nenda dukani na pedi ya breki ya zamani mkononi. Nakuambia hivi kwa sababu magari ya jina moja hutofautiana, na picha ya kwenye boksi haina ushahidi. Niliilaza ya zamani juu ya mpya, nikalinganisha masikio yake, yaani zile ncha zinazoingia kwenye kalipa, chuma kinachozibana pedi kwenye diski ya gurudumu.

"Ilikuwa inaria upande gani, mzee?" muuza spea aliniuliza.

"Kulia."

"Najua inaria. Nauliza upande."

"Upande wa kulia!"

"Basi gari lako lina adabu, linaria kuria." Alicheka mwenyewe, akanipangia mezani aina tatu. Za kwanza zilikuwa na chuma kingi: zinashika hata zikichemka, ila zina kelele na zinakula diski. Za pili laini, kimya kabisa, lakini kwenye mteremko mrefu zinapata moto na kuteleza. Za tatu za kauri, ghali kidogo, kimya, na zinavumilia. Alikuwa na za mtumba pia, nikazikataa. Pedi iliyotumika hujui imepitia moto gani, usijaribu.

Nikachukua za kauri, za magurudumu yote mawili ya mbele, maana ukibadilisha upande mmoja gari litavutia upande huo. Fundi alipozifunga nilikwenda barabara tambarare, nikaenda mwendo wa wastani, nikakanyaga taratibu, nikaachia, nikarudia mpaka pedi na diski zikazoeana. Gari likawa linasimama bila hata mnong'ono. Nilirudi nyumbani nina furaha ya mtoto.

Kilima tulichojaribia kilikuwa kifupi, kile alichokwisha kukizoea. Hatukufika katikati.

"Simama!"

Nikasimama. Alikuwa ameinua miguu juu ya kiti.

"Breki ziko wapi?"

"Si hizi zimesimamisha? Ni mpya. Nzuri kuliko zile."

"Sizisikii." "Lile gari halikulia, Baba watoto. Lilikwenda kimya, kimya, kimya, mpaka kwenye migomba. Zako zilikuwa zikilia nasema afadhali, zipo. Nirudishie zile."

Nikamweleza polepole kwamba zile zilikuwa zimekwisha. Pedi huwekewa kibati kidogo cha chuma. Pedi ikilika, kibati hugusa diski na kupiga kelele ili mwenye gari ajue. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo nilikuwa natulizwa na kitu kinachokufa," akasema. Akafungua mlango, akateremka kwa miguu. Nikatangulia kumsubiri bondeni.

Siku iliyofuata jirani wa mama mkwe alipiga simu: mgonjwa halali tena, anakaa kitandani akitafuta pumzi. Tulikwenda kama kawaida yetu, yeye akishuka na kupanda, mpaka Murusagamba.

"Shikamoo, mama," nilisema nikiwa mlangoni.

"Marahaba, mkwe." Neno lile lilimchosha. Mke wangu akambeba kama furushi la nguo, akamwegemeza kifuani kwake kiti cha nyuma, akamfunika mablanketi. Nikaondoa gari kuelekea hospitali.

Juu ya kilima cha kwanza nilisimama kwa mazoea. Mteremko ulikuwa mbele yetu, mwekundu, umechimbwa na mvua. Nilimtazama mke wangu kwenye kioo. Alikuwa ameshika kitasa. Mama yake alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena. Mkono ukaacha kitasa.

"Nenda," akasema. "Lakini ongea."

"Niongee nini?"

"Kila unachofanya na mguu wako. Usinyamaze hata kidogo."

Nikaingiza gia ndogo ili injini ituzuie.

"Natia gia ya kwanza. Sijakanyaga bado. Sasa nakanyaga kidogo. Zimeshika. Naachia. Kuna shimo kushoto, nakanyaga. Zimeshika. Naachia."

"Endelea!"

"Naendelea. Nakanyaga. Zimeshika."

Nikisita kumeza mate alinipiga begani. Mama mkwe naye, macho yamefumbwa, akauliza kwa Kihangaza mkwe wake anasali au vipi, nami nikaendelea kuzitaja breki. Tulifika bondeni, tukavuka daraja. Shati langu lilikuwa limenigandia mgongoni. Kwenye kioo nilimwona mke wangu amekaa vilevile, mkono mmoja kifuani kwa mama yake anapima pumzi, mwingine umekamata kiti changu.

"Bado vingapi?" akauliza.

"Vingi," nikasema, kwa sababu alikuwa anavijua vyote, amevipita kwa miguu.

"Basi usikauke koo."

Kilima cha pili kilikuwa kimeanza kupanda.