Bukari ya Maman Ngoie

Tangu kizunguzungu kimwangushe kwenye ngazi za ofisi alizokuwa akisafisha karibu na kituo cha treni cha Schuman, Maman Ngoie alikuwa amechoshwa na neno moja. Daktari alisema presha yake imetulia. Watu wa bima wakasema basi, kama imetulia, arudi kazini. Binti yake Solange akasema mama hajatulia hata kidogo, aache nyumba yake ya mtaa wa Evere ahamie kwake mtaa wa Ixelles.

"Songa bukari peke yako," Solange alimwambia Jumapili ile. "Ukiweza, bon, utabakia. Ukishindwa, tunaenda."

Jiko lilikuwa la kioo, laini. Mwiko ulipozunguka, sufuria ya ugali huo nayo ilizunguka, na mkono wake wa kushoto haukuwa tena na nguvu ya kuishika.

"Unaona, maman?"

Maman Ngoie alishusha sufuria sakafuni, akaizungushia taulo, akaketi kwenye kigoda na kuibana kwa nyayo zake mbili, kama wanawake wa kwao Likasi. Akasonga polepole, akihema. Sufuria haikutikisika.

"Nilisongaka ya bantu mingi hivi, na weye uko mu tumbo," alisema.

Solange alionja. Haikuwa na madonge.

"Alors, simama."

Maman Ngoie alijaribu, akarudi chini. Akajaribu tena.

"Nipe mukono," alisema mwishowe. "Kuniinua, sawa. Kunihamisha, hapana."

Solange alimvuta hadi akasimama. "Donc nitakuwa nakuya kila mangaribi kukuinua?"

"Ukuye na njala."