Hatua za Mama Vishindo

Shangazi yangu alilipwa kuwatisha watu, na yeye mwenyewe akiona mende alipanda juu ya kiti. Wenzake kazini walimwita Mama Vishindo. Kazi yake ilikuwa kuziwekea filamu sauti: ukisikia mfupa unavunjika, ujue ni karoti yake, mlango ukilia, ni kabati lake la vyombo. Alifanyia kazi chumbani kwake, madirisha yamezibwa kwa magodoro. Tulimsihi atafute hata mpangaji wa kukaa naye, akasema wapangaji wanakohoa. Alikuwa mpweke, na upweke wake ulikuwa na kiburi.

Filamu zenyewe si za kukatana vichwa. Ni zile za polepole, mtu kajifungia ndani, anamshuku kila mtu, saa mbili nzima anasikiliza tu. Mimi huwa nasinzia. Safari hii mwongozaji, kijana mwenye haraka zake, alitaka hatua za mtu anayekuja koridoni na haonekani kamwe. Shangazi akajaribu buti, kandambili, hata viatu vya kisigino. Vyote vikakataliwa.

Chini ya kitanda kulikuwa na viatu vya marehemu mumewe, tarishi wa posta, aliyeanguka na baiskeli akabaki anaburuta mguu wa kushoto. Niliwahi kuviomba, nikatazamwa jicho ambalo sijalisahau. Siku tatu shangazi alivitoa na kuvirudisha. Aliniambia anaogopa: akiwapa watu sauti ile, haitabaki kuwa yake. Siku ya nne akavivaa, akatembea kama alivyomsikia mumewe akirudi kazini kwa miaka kumi na tisa. Ta, kisha shwaa.

Mwongozaji alisikiliza, akavua miwani. "Hizi ndizo, Mama. Zinatisha kweli."

"Zinatisha?" shangazi akauliza. Kijana alikuwa ameshaanza kufungasha vyombo vyake.

Filamu ilipoonyeshwa, alasiri moja, tulikaa safu ya nyuma. Kwenye pazia la sinema mwanamke amezima taa, kisu mkononi. Ta, shwaa. Ta, shwaa. Jitu zima mbele yetu likafunika uso kwa kofia, na mimi siku hiyo sikusinzia. Nikageuka nimshike shangazi mkono, asiogope.

Alikuwa ameshasimama, mkono ameunyoosha mbele, kama anayetafuta komeo.

"Ngoja nimfungulie," akaniambia. "Leo kachelewa."