Fizi za Pinki za Shangazi

Shangazi yangu wa Temeke alikuwa na meno mazuri, na ndiyo yaliyomponza. Tangu usichana aliyasugua kwa mkaa na chumvi kana kwamba ni sufuria. Alipofikia umri wa kuwa na wajukuu meno yalikuwa bado meupe, ila fizi zilikuwa zimechoka kusuguliwa zikapanda juu, meno yakabaki marefu, mizizi nje. Akicheka alifunika mdomo kwa upindo wa khanga. Wageni walidhani ni haya. Sisi wa nyumbani tulijua hana haya hata chembe.

Hiyo ilikuwa enzi ya ruksa. Vitu vilivyoadimika vilijaa madukani, na watu wakagundua kasoro ambazo zamani hawakuwa nazo. Yakaja mafuta ya kung'arisha uso, nywele za bandia, kucha za bandia. Kisha Kinondoni ikafunguliwa kliniki binafsi ya meno, ghorofani, yenye kiyoyozi na daktari aliyesomea Ulaya. Habari zikafika Temeke kwamba ana dawa ya kuzibia yenye rangi ya fizi: unapakwa pale fizi ilipokimbia, unarudi msichana.

Shangazi angeipuuza kama isingekuwa posa. Alikuwa mjane wa siku nyingi, na sasa mzee mmoja wa Boko, mgane, mtu mstaarabu, alikuwa amemtuma mshenga. Alimwona harusini, shangazi akiwa ameshika sinia la pilau kwa mikono miwili. Shangazi aliapa kwamba yule mzee hakuona kitu mdomoni mwake. Lakini kwetu, hata bibi harusi mwenye wajukuu lazima dada za mume waje kumtazama, na hao wangekaa naye karibu. Alimtaka yule mzee. Hakusema, ila alianza kuimba jikoni, na mimi sikuwahi kumsikia akiimba.

Nilimsindikiza kliniki. Daktari akatupangia mezani vipande vya sampuli za rangi, vyote pinki: pinki hafifu, pinki iliyokolea, pinki ya ulimi wa mbuzi. Fizi za ukoo wetu ni nyeusi, na tunazihesabu kuwa pambo. Nikamuuliza kama hana nyeusi. Akanitazama kwa huruma, akaeleza kwamba hiyo ndiyo rangi ya fizi inayotambulika kimataifa. Alipotabasamu nikaona zake ni nyeusi kama zetu.

Akapaka, akamulika kwa taa ya bluu, akampa shangazi kioo. Juu nyeusi, katikati pinki, chini nyeupe. Ilibaki kupandishwa mlingotini tu.

Tulipofika nyumbani akatoa kopo la tambuu, ambayo alikuwa ameiacha tangu mumewe afariki. Alikuwa ameamua kuzitia rangi fizi zake mwenyewe. Akatafuna tambuu, popoo na chokaa, asubuhi hadi jioni, mpaka siku ya wageni. Meno aliyasugua yakarudi meupe, lakini kile kiraka kilikunywa rangi kikashiba. Hakikuwa cheusi. Kilikuwa chekundu, wekundu wa damu inayoanza kuganda.

Dada wawili wa mzee walikuja. Shangazi akawapokea midomo imefungwa, akijibu kwa kichwa na kwa "alhamdulillahi" ndogondogo. Mambo yangekwisha salama kama dada mdogo asingeanza kusimulia jinsi kaka yao alivyojaribu kujipikia ugali akaishia kuutupa pamoja na sufuria. Shangazi akacheka kwa mdomo wote, khanga ikiwa begani.

Dada mkubwa akaweka kikombe chini.

"Wifi," akauliza taratibu, "fizi zinakutoka damu tangu lini?"

Nikafungua mdomo niseme. Shangazi akanifinya paja mpaka machozi yakanilenga. Aseme amekwenda kupakwa rangi kwa ajili ya mwanamume, na umri ule?

"Tangu masika," akasema.

Baada ya siku chache mshenga alirudi peke yake. Mzee anaomba radhi sana. Alimuuguza mke wa kwanza mpaka akamzika, na moyo wake hauwezi tena kuuguza. Shangazi akaitikia kwamba amemwelewa. Mshenga akanywa kahawa yake, akatikisa kichwa.

"Na alituelekeza vizuri tusipotee nyumba," akasema. "Alisema, mtafuteni mama mwenye meno marefu, akicheka yanatangulia. Ndiyo aliyoyapenda."

Siku ile nilimchukia daktari, nikamchukia na shangazi, na nilikuwa na hasira za kutosha kuwagawia wote wawili.

Asubuhi nilimkuta uani amechuchumaa na kibakuli cha mkaa na chumvi, anasugua. Vipande vya pinki vilikuwa vinadondoka mchangani. Nikamwambia aache, fizi zitapanda tena.

"Zipande," akasema, akaendelea kusugua.